Vijiti Hamsini vya Buswahili

Matofali yalishushwa mbele ya duka langu Jumatatu asubuhi, na dereva wa lori akatoa kichwa dirishani akaniomba nisogeze viatu vyangu visije vikapondwa. Nikamwambia mtu wa kusogea ni yeye. Akacheka, akadhani namtania. Mimi huwa simtanii mtu saa mbili asubuhi.

Duka langu ni fremu ya pili kutoka kona, katika safu ya fremu tano zilizo karibu na soko la Musoma, mahali ambapo upepo ukigeuka unaletewa harufu ya dagaa upende usipende. Jina langu ni Matrida, ila watu wananiita Mama Brenda. Nimeuza viatu hapo tangu huyo Brenda, mwanangu wa pekee, akiwa mgongoni, na sasa ana miaka ishirini na sita na diploma. Fremu ya kwanza ni ya Ryoba, naye muuza viatu. Tumegombania wateja miaka yote hiyo na hakuna aliyekufa. Ya tatu ni ya Jeska wa mitumba. Ya nne ni ya kinyozi ambaye redio yake haizimwi. Ya tano ni ya Paschal, fundi viatu.

Safu yote aliijenga mzee Wambura wa Butiama kwa kuuza ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine, na alikuwa akipita kila jioni kugonga kuta kwa fimbo kama mtu anayekagua zizi. Mzee alifariki mwaka jana. Fremu zikabaki kwa mwanawe Lameck, aliyerudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta ndogo na maneno mengi.

Lameck si mtu mbaya, naomba niliseme hilo mapema kabla sijaanza kumsema. Alikuja asubuhi ile ile akasimama kando ya matofali yake, akaniamkia vizuri, kisha akanieleza.

"Mama, duka la barabarani limekufa. Mteja siku hizi yupo kwenye simu. Hii milango tutaiziba, ndani tunafanya stoo moja kubwa. Mlango utabaki mmoja tu, kule nyuma, bodaboda anachukua mzigo anapeleka. Hapa mbele tunapaka rangi nzuri, tunaandika namba ya simu. Mafundi wanaanza Jumatatu ijayo."

"Na sisi?"

"Nyie mtauzia huko huko kwenye simu, mama. Brenda atawafundisha."

Hapo ndipo aliponichoma. Brenda alikuwa msimamizi wa hiyo biashara yake ya simu tangu miezi mitatu iliyopita. Mwanangu, niliyemsomesha kwa mlango huu, alikuwa anapata mshahara wa kuuziba.

Jioni hiyo nyumbani tulisemeshana. Brenda hakupandisha sauti, na mtu asiyepandisha sauti ndiye anayeniudhi zaidi.

"Mama, wewe unakaaga na mteja mmoja nusu saa," alisema. "Mimi nusu saa nauzia watu kumi. Leo nimepata oda ya jozi hamsini kwa mpigo. Kwaya ya kigango cha Buswahili, raba nyeusi za jubilei. Kila kitu kwenye simu, na mzigo unapanda basi la kutoka Dar kesho alfajiri. Sijamwona mtu, sijashika mguu wa mtu."

Kwaya ya Buswahili! Watu hao nimewavalisha tangu wako shule ya msingi. Nilimuuliza nani ametoa vipimo. Akasema mwenyekiti wao, Eliasi, amejaza fomu, majina na namba, safi kabisa. Kisha akasema kwa upole kwamba mambo ya vijiti yamepitwa na wakati. Nilikula ugali wangu mtupu kwa hasira, na mboga ilikuwa mbele yangu.

Hivyo vijiti lazima nivieleze, maana ndivyo kazi yangu. Mtu wa kijijini haji mjini na miguu yote ya nyumba yake. Anakuja mmoja, na miguu ya wengine anaibeba mfukoni. Anakata bua la mtama au ufito sawasawa na unyayo wa mtoto, kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Mimi nakiingiza kile kijiti ndani ya kiatu. Kikibaki na nafasi ya upana wa kidole kimoja, kiatu kimepata mwenyewe. Masharti yangu ni mawili tu. Mtu apimwe amesimama, maana mguu ukibeba mwili hutanuka. Na apimwe jioni, maana mguu wa asubuhi ni mwongo.

Sijawahi kutupa kijiti. Vyote vina majina kwa kalamu ya wino, nimevifunga mafungu mafungu na kuvitundika ukutani: Kiabakari, Nyamuswa, Butiama, Buswahili, kila mahali na fungu lake. Brenda alikuwa akiviita kuni.

Siku mbili zikapita. Matofali yakakaa. Jeska alianza kuulizia fremu huko Bweri karibu na stendi, Paschal akaacha kupokea viatu vya kutengeneza kwa kuogopa wenyewe watakuta ukuta, na kinyozi, nilishangaa, alipunguza redio. Ryoba ndiye aliyeniuma zaidi. Alikuwa anakaa mlangoni ameshika ufagio, hafagii. Miaka yote niliomba Mungu aniondolee Ryoba, na sasa Mungu alipokaribia kunisikia nikaona ombi lenyewe lilikuwa la kijinga.

Alhamisi, jua likiwa limepanda, ikasimama bodaboda ya Chacha, kijana wa Buswahili anayebeba mizigo ya kule. Nyuma yake magunia mawili, na juu ya magunia ameketi Eliasi, mwenyekiti wa kwaya, mkulima mwenye sauti nene inayotangulia mwili wake kufika. Siku hiyo sauti haikuwepo. Alishuka, akaketi juu ya matofali ya Lameck, akafuta uso.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Brenda."

"Milele na milele, amina. Una nini?"

"Nimezunguka mji huu tangu asubuhi natafuta ofisi ya ile namba ya simu. Kila ninayemuuliza ananiambia haina mlango. Nikasema basi niende kwa mwenye mlango."

Akafungua gunia, akatoa raba moja nyeusi, mpya, kubwa kama mtumbwi. Namba arobaini na sita.

"Hii wameandika ni ya mama Bhoke."

Bhoke namjua. Ni mwimbaji wao mkongwe, mama mnene wa kifua kipana, lakini chini ana miguu ya mtoto wa darasa la tano. Katika raba ile angeweza kuweka miguu yote miwili na bado kukabaki nafasi ya leso.

"Na hii?" nikauliza. Ilikuwa thelathini na nane.

"Ya Mseti."

Mseti ni mrefu mwembamba kama mlingoti, na nyayo zake ni makasia. Eliasi akasema Mseti aliijaribu, vikaingia vidole vitatu. Kwaya nzima ilikuwa hivyo. Wanene wamepewa mitumbwi, wembamba wamepewa viatu vya watoto, na Jumapili ndiyo jubilei, askofu anakuja, na kwaya imefanya mazoezi ya hatua zake miezi mitano.

"Baba Eliasi," nikamwambia, "hizi namba ulizitoa wapi?"

Akaangalia pembeni. "Kwenye daftari."

"Daftari lipi la viatu?"

"La majoho," akasema kwa sauti ndogo. "Mwaka jana fundi wa Bunda si alitushoneaga majoho? Alipima watu vifua, akaandika kila mtu na namba yake. Sasa hii fomu ya simu ilikuwa inataka namba, mwisho saa kumi na mbili, na watu wote wako shambani wanapalilia. Nikajiuliza, namba si ninazo? Thelathini na nane, arobaini, arobaini na mbili, arobaini na sita. Zinafananaga kabisa na za viatu!"

Nilicheka mpaka Ryoba akatoka dukani kwake na ufagio. Nikamweleza, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Watu hamsini walikuwa wamevalishwa vifua vyao miguuni. Eliasi mwenyewe alijizuia, akajizuia, kisha ile sauti yake nene ikarudi, akacheka kuliko sisi.

Brenda akafika. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amepiga simu Dar tangu asubuhi. Wenye mzigo walimwambia viatu vitabadilishwa bila shida, vikisharudishwa na kukaguliwa, baada ya siku kumi. Akatazama magunia, akatazama Eliasi, akanitazama mimi. Nilikuwa na maneno matamu sana ya kumwambia, nilikuwa nimeyatayarisha tangu Jumatatu. Nikatoa moja tu.

"Mdharau mwiba mguu huota tende."

Mengine nikayameza, kwa sababu alikuwa mwanangu na alikuwa analia.

Kisha nikamgeukia Eliasi. "Rudi Buswahili sasa hivi. Magunia yaache hapa. Leo jioni watu wakitoka shamba, kila mwanakwaya akate kijiti chake. Amesimama! Ukiniletea kijiti cha mtu aliyekaa nitakijua. Kesho asubuhi Chacha awe hapa navyo."

"Hamsini vyote?"

"Arobaini na tisa." Nikainua mkono ukutani, nikafungua fungu la Buswahili, nikachomoa kimoja. "Cha Bhoke ninacho. Mguu wake haujabadilika tangu mwanawe wa kwanza aoe."

Ijumaa kabla kinyozi hajawasha redio Chacha alikuwa mlangoni na furushi la khanga. Vilikuwa vyote, kila kimoja na jina. Mabua ya mtama, fito, rula ya shule iliyokatwa kwa kisu, na cha Mseti kilikuwa kipande cha mpini wa jembe. Chacha akasema Mseti aliogopa bua lingevunjika njiani na hatima yake kuvunjika nalo.

Tukamwaga magunia kibarazani. Brenda akasoma majina, mimi nikaingiza vijiti. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo lingemfaa kila mtu anayejua kujaza fomu: viatu vyenyewe havikuwa vibaya, vilikuwa vimekwenda kwa watu wasio wao. Raba ya Bhoke ilikuwa ya Mseti. Ya Mseti ilikuwa ya binti mmoja wa sauti ya kwanza. Tuliendelea hivyo kijiti kwa kijiti, Brenda akifuta jina na kuandika jingine, mpaka jozi thelathini na moja zikapata wenyewe.

Kumi na tisa zikabaki. Vijiti vifupi vilikuwa vingi, na viatu vilivyobaki vilikuwa vikubwa vitupu. Nikatazama rafu zangu. Raba nyeusi ndogo sikuwa nazo hata moja, nilikuwa nimeacha kuagiza mzigo tangu Lameck aliporudi na maneno yake.

Ryoba alikuwa amesimama mlangoni kwake anatazama. Sikumwita. Ningekufa kwanza. Alikuja mwenyewe, akainama, akaokota vijiti viwili vitatu, akavipima kwa jicho.

"Raba nyeusi za sekondari ninazo," akasema. "Wewe nipe hizo kubwa. Mimi wateja wangu ni wavuvi, miguu yao huwaga mikubwa. Tubadilishane jozi kwa jozi."

"Ryoba, unanisaidia?"

"Nasaidia kwaya," akasema. "Usijisifu."

Jozi kumi na mbili zikatoka kwa Ryoba. Jeska akafungua robota la mitumba alilokuwa ameshalifunga kwa ajili ya kuhama, akachimbua hadi akapata jozi nne nyeusi, akazisugua kwa dawa ya viatu mpaka zikasahau zilikotoka. Zikabaki tatu, za watu wenye miguu isiyopatikana dukani: mmoja ana kifundo kilichovimba, mmoja mguu mpana kama jembe, mmoja miguu miwili isiyolingana. Hao Paschal aliwachukua. Alichana, akapanua, akashona, akaweka soli ya ndani. Na kinyozi, asiye na kiatu cha kutoa, alitoa viti vyake vyote kibarazani, tukafanyia kazi juu yake.

 Kisha Brenda akasema, kama anajisemea, "Mama, mguu wa yule wa kifundo, kwenye fomu ningeuandikaje?"

Nikainama kuokota vijiti. Nilikuwa na furaha nyingi mno, ningesema ningeharibu.

Jumamosi Chacha alipokuja nilidhani amekuja kuchukua viatu. Akatikisa kichwa. "Mama Bhoke amekataa. Amesema yeye havai kiatu ambacho hajakitembelea. Amesema kiatu sio mchumba wa kuletewa picha. Wanakuja wote."

"Wote?"

"Wako kwenye lori, wamefika Makutano."

Wakaja. Watu hamsini kwenye lori linalobebaga mahindi, wakashuka mmoja mmoja wakishikana mikono, wakaujaza mtaa. Salamu zikapigwa mpaka sokoni. Wakaketi juu ya matofali ya Lameck, maana hapakuwa na mahali pengine pa kukaa, na mimi na Ryoba na Jeska tukapiga magoti mbele yao kuwafunga kamba. Sikumbuki lini nimepiga magoti kwa raha namna ile. Kijiti kikatolewa ndani ya kiatu, mguu ukaingia. Mseti aliposimama, akakanyaga chini mara mbili, akamwambia Ryoba, "Mura, ndugu yangu, hata mama yangu hanijui hivi."

Bhoke akavaa mwisho. Akatembea kutoka mlango wangu hadi mlango wa Paschal, akarudi, uso hausemi kitu. Watu wote wakimtazama miguu.

"Vinafaa?" nikauliza.

"Kutembea vinafaa," akasema. "Lakini jubilei hatutembei. Tunacheza."

Akamtazama Eliasi. Eliasi akatoa sauti. Wanakwaya wakapanga mistari mitano katikati ya barabara, wakaanza wimbo wao wa kuingilia, hatua mbili mbele, moja kando, kugeuka, kishindo. Raba mia moja zikatua kwenye lami kwa mara moja. Nilikisikia kile kishindo kwenye meno. Bodaboda zikazima injini. Akinamama wa sokoni wakaja na mikono yenye magamba ya samaki, wengine wakaingia mistarini, na askari wa barabarani aliyekuja kuuliza kuna nini akabaki anatingisha kichwa kwa kufuata wimbo. Hakuna aliyekanyaga vibaya. Hakuna aliyeshika kisigino. Bhoke alikuwa mbele, mnene, mwepesi, ameinua mikono, na miguu yake midogo inang'aa.

Nililia, wala sioni haya kusema. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikiambiwa mtaa wangu umekufa.

Wimbo ulipoisha hawakuondoka. Watu wakishakuja mjini hawarudi mikono mitupu. Wakaingia kwa Jeska, wakapanga mstari kwa kinyozi, wanaume wakamzunguka Ryoba kutafuta mikanda, na waliokuwa wapita njia tu wakaanza kuniuliza kama na wao naweza kuwapima kwa kijiti. Brenda aliingia katikati yao na kalamu nyuma ya sikio. Nilimwona ameinama, ameshika mguu wa mzee mmoja mkavu kwa mikono miwili, anamwambia, "Simama vizuri, babu. Kukaa haturuhusu."

Lameck alikuwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekuja na fundi wake kupima milango, futi ikiwa bado mkononi mwa fundi, haijavutwa. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Watu walipopungua, akavuka.

"Mama Brenda," akasema, "nimefikiria. Mlango wako tutauacha."

Moyo wangu uliruka. Ningekuwa mwongo nikisema haukuruka. Niliuona mlango wangu uko wazi, vijiti viko ukutani, na mimi nazeekea pale pale.

"Wangu tu?"

"Wako tu. Hiyo mingine mpango unaendelea."

Ryoba alikuwa mlangoni kwake anakunja maboksi. Alikuwa amesikia. Hakuinua uso, akaendelea kukunja boksi lile lile lililokwisha kunjwa. Ile ndiyo nafasi niliyoiomba miaka yote, duka langu peke yake na Ryoba hayupo, na mtu alikuwa ananipa bure mchana kweupe.

"Basi na wangu uzibe," nikasema.

"Mama?"

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Lameck. Viatu ulivyovisikia kwenye lami vimetoka milango minne, na kazi tumeifanyia juu ya viti vya mlango uliobaki, wa kinyozi. Ukiziba mingine ukaniacha mimi, siku Bhoke mwingine akija nitampa nini? Nitamwonyesha ukuta? Uache yote au uzibe yote. Mimi siwezi kukaa kwenye tundu."



"Lakini simu, mama," akasema Lameck. "Huko ndiko dunia inakokwenda."

Brenda akasimama, ameacha mguu wa yule mzee. "Simu ibaki, bosi. Watu waagize kwa simu, sijakataa. Stoo tutumie kile chumba cha nyuma, kinatosha. Lakini mimi kwenye duka lisilo na mlango sirudi. Baba Eliasi alizunguka nusu siku na magunia ya makosa yangu, ananitafuta, hanioni. Mtu akikosewa anataka mlango wa kugonga. Kama hakuna mlango, atagonga wapi?"

 Lameck alikuwa ameingia dukani kwangu, anatazama ukuta, mafungu na majina yake. Akasimama mbele ya fungu la Butiama.

"Na sisi kwetu tumo humu?"

Nilikuwa sijapanga, naapa. Sikuwa nimekumbuka hata siku moja katika wiki ile yote. Nikashusha fungu, nikalifungua, nikatafuta chini kabisa kwenye vile vya zamani vilivyogeuka rangi. Nikakipata. Mzee Wambura alikileta mwenyewe wakati fremu ya tano haijapauliwa, akiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Jina aliliandika kwa mkono wake, herufi zimelala: Lameck, darasa la kwanza.

Nikampa. Akakiweka kwenye kiganja. Kilianzia kwenye kifundo cha mkono wake na hakikufika hata kwenye ncha ya kidole. Akakitazama, akageuza, akasoma tena yale maandishi ya baba yake. Nje redio ya kinyozi ilikuwa imerudia sauti yake ya siku zote.

Kisha akatoka kibarazani, akavua kiatu chake kizuri cha Dar na soksi, akasimama wima kwa miguu yake yote miwili kwenye saruji ya baba yake. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

"Nipime tena, mama," akasema.

Jumatatu mafundi walikuja kama walivyoahidi. Matofali yalitosha kujenga benchi moja refu kutoka mlango wa Ryoba hadi mlango wa Paschal, la watu kukaa wakijaribu viatu, na Ryoba na mimi tukagombana siku nzima kuhusu benchi liko zaidi upande wa nani. Juu ya milango mitano rangi ilipakwa, nzuri kweli, na namba ya simu ikaandikwa kubwa inayosomeka toka sokoni. Chini yake Brenda alipanda ngazi na brashi, akaandika mwenyewe kwa mkono: Mlango uko hapa chini.